Nilivyomwigiza Mzee wa Vitabu Mbele ya Dada Yake

Jamani, leo nimeadhirika. Na si kidogo. Nimeadhirika mpaka mbele ya padri.

Naandika harakaharaka, nimepewa nusu saa tu kwenye hii kompyuta na jamaa wa pembeni anachungulia. (Kaka, soma tu. Jioni utaikuta mtaani.)

Mliosoma na mimi mnamkumbuka Mzee wa Vitabu, yule mwandishi wa hapahapa Ufipa. Riwaya yake tulilazimishwa kuisoma sekondari tukaichukia, tukaja kuipenda ukubwani. Alifariki mwaka jana. Sasa Kredo, yule mwenye duka la kukodisha kanda za video, amenunua kamera, na tangu siku hiyo amegundua kwamba yeye ni mwongozaji wa filamu. Filamu yake ya kwanza ni maisha ya Mzee wa Vitabu. Mwigizaji mkuu ni mimi, Maduhu, muuza mitumba wa Kizwite.

Miezi miwili nimejiandaa. Nilizunguka kwa majirani wa Mzee nikiuliza alivyokuwa. Wakaniambia alitembea mkono mmoja mgongoni, shingo mbele, kama anajaribu kusoma kibao kilicho mbali. Alikohoa mara mbili kabla ya kusema jambo lolote, hata akiomba chumvi. Kalamu tatu mfukoni, moja haiandiki. Koti zito la kijivu nililipata kwenye belo langu mwenyewe la mitumba. Upara nikautengeneza kwa wembe, kuanzia kwenye paji la uso mpaka utosini. (Nywele za pembeni nimeacha. Ndiyo, mnaona picha.)

Mke wangu alinitazama akasema, "Baba Shija, ndiyo kazi hii?"

Nikakohoa mara mbili. Akatoka nje.

Lakini yote hayo yalimtegemea mtu mmoja, Bibi Apolonia, dada mkubwa wa marehemu. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa nyumba, meza aliyoandikia Mzee, na madaftari yake yote. Alimwambia Kredo wazi: "Mleteni huyo mwigizaji wenu nimwone. Nikimwona kaka yangu ndani yake, chukueni ufunguo. Nisipomwona, kamera yenu mrudi nayo." Bila ule ufunguo hakuna filamu. Na mimi nilishamwambia mama yangu, na mama yangu akishajua jambo, limeshajulikana mpaka Bonde la Rukwa.

Leo ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya Mzee. Ukoo mzima umekusanyika, asubuhi misa hapohapo nyumbani, halafu chakula. Kredo akaona ndiyo nafasi. "Mshikaji," akaniambia njiani, "ukivuka ule mlango wa uzio wewe si Maduhu tena. Usijitambulishe, usieleze kitu. Hata nyumba ikiungua, usitoke kwenye uhusika. Mimi nabaki pale mlangoni nachukua picha."

Nikavuka.

Misa ilikuwa imekwisha, watu wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri ugali. Nikaweka mkono mgongoni. Nikatoa shingo. Nikawatazama wote kama watu waliofeli mtihani niliousahihisha mimi. Nikakohoa mara mbili.

Uwanja ukanyamaza. Mama mmoja akadondosha mwiko akasema, "Yesu na Maria!" Jamani, nilikaribia kulia kwa furaha. Nikajisemea moyoni, Maduhu, kumbe una kipaji!

Halafu nikamsikia mzee mmoja benchi la mbele akimwuliza mwenzake, "Nani huyu?"

"Si yule Maduhu wa mitumba?"

"Maduhu yupi?"

"Yule Msukuma."

"Msukuma!" Yule mzee akasimama akapiga makofi. "Jamani, watani wamefika!"

Vigelegele!

Kwa wale mliokulia mbali: Wasukuma na Wafipa ni watani. Kwenye msiba au matanga, mtani ana ruhusa ya kuvaa kama marehemu, kutembea kama marehemu, kumsema marehemu, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Wanamrushia maji na majivu, na wakichoka wanampa kitu aondoke. Baba yangu amefanya hivyo tangu tulipohamia huku na ng'ombe wetu. Mimi nimemwona kwa macho yangu mara ngapi sijui. Miezi miwili nimekariri kikohozi, haikunijia akilini hata mara moja kwamba ninajiandaa kwenda kwenye matanga ya Wafipa nikiwa Msukuma aliyevaa kama marehemu.

Nilitaka kueleza. Lakini uhusika! Nikakaza uso. Kosa kubwa hilo, kwa sababu mtani mzuri ndiye asiyecheka.

"Shikamoo, Mzee wa Vitabu!" akaita babu mmoja anayemzidi umri baba yangu.

"Marahaba," nikajibu kwa sauti nzito. Benchi zima likaegemeana.

"Mzee, umerudi kufuata nini?"

Nikakohoa mara mbili. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa ajili ya Bibi Apolonia, maneno ya uchungu kabisa, mke wangu aliyasikia akafuta machozi. Nikasema polepole, "Nimerudi kumalizia sura ya mwisho. Niliondoka, kalamu ikabaki imelala peke yake."

Mama wa mwiko akaanguka chini akagaagaa. Padri akajifunika uso na kitabu cha sala, mabega yanacheza. Kadiri nilivyozidi kuwa na uchungu ndivyo walivyozidi kuishiwa pumzi. Nikatoa chozi, chozi la kweli. Wakashangilia! Kinamama wawili wakaja na majivu ya jikoni wakanimwagia kwenye upara, wa tatu akamalizia na maji ya kuoshea sufuria.

"Kohoa tena, Mzee!"

Nikakohoa. (Safari hii ni majivu.)

Mwisho wakanifungia kuku kwa kamba wakaniwekea mkononi. "Haya mtani, inatosha, utatuua. Nenda." Nimeota siku nyingi kulipwa kwa kuigiza. Sikujua nitalipwa ili niache.

Hapo Bibi Apolonia akanyanyuka. Alikuja taratibu kwa fimbo yake, macho yamelowa, akanishika mikono yangu yote miwili, na kuku katikati.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. Uhusika ulikuwa umeshaniishia.

"Marahaba, mtani wangu. Mwaka mzima sijacheka. Leo nimemwona kaka yangu kabisa. Kabisa! Mungu akubariki."

Si ndiyo maneno yenyewe? Amemwona! Nikamgeukia Kredo pale mlangoni. Bibi naye akamgeukia.

"Haya, Kredo," akasema akijifuta macho. "Tumeshacheka, sasa tufanye la maana. Huyo mwigizaji wako yuko wapi?"

Ndugu zangu, nilisubiri Kredo aseme neno moja tu. Kredo alinitazama, majivu yananitiririka mpaka kwenye kola. Akautazama ufunguo kiunoni kwa Bibi.

"Ni mimi, Bibi," akasema.

Kredo! Mfupi, mnene, nywele tele, sauti ya filimbi. Bibi alimkagua tangu juu mpaka chini kwa muda mrefu sana.

"Mh," akasema. "Hufanani naye hata kidogo. Lakini umekuja na adabu." Akaufungua ule ufunguo kiunoni akampa.

Roho imeniuma, sitawaficha. Imeniuma zaidi Kredo aliponifuata nje na kuninong'oneza, "Mshikaji, usinune. Naomba hilo koti." Nikamvulia. Baridi ya leo mnaijua wenyewe.

Nikarudi kwa miguu, shati limelowa, upara unapigwa na upepo, kuku kwapani. Sijafika hata barabarani, bwana mmoja mgeni wa matanga akanifikia na baiskeli. Akashuka kwa heshima.

"Mtani, Jumamosi na sisi tunamaliza matanga, kijijini kwetu Kate. Shangazi yetu. Mwanamke utamweza?"

Atakayecheka na acheke akiwa kwake, mlango amefunga. Mimi nimeshamwuliza yule bwana shangazi yake alikuwa anatembeaje.