Mwanamke wa Dirishani

Jumatatu, 4 Machi 1889
Nimemaliza kuchora nyumba atakayojengewa Bwana Ogden, tajiri wa sufu hapa Harrogate. Nyumba nzuri! Matofali mekundu, mnara pembeni, dohani nne. Dirisha la ghorofani lilionekana pweke. Nikamchora pale marehemu mke wangu, Hester, na kikombe chake. Alikuwa akikiweka dirishani chai ipoe, kisha anaisahau. Mwajiri wangu, msanifu majengo Bwana Thackray, amekataza watu kwenye michoro. Lakini Hester ni mdogo kama punje ya mchele. Nani atamwona?

Jumanne, 5 Machi
Bi. Ogden amemwona. Alitaka kujua ni nani huyo anayekunywa chai chumbani kwake. Mumewe akaapa hamjui. Basi mbona jasho linakutoka, baba? mkewe akauliza. Bwana Thackray akasema kazi hii ikipotea, nami nimepotea nayo. Cuthbert, mchoraji mwenzangu, alicheka mpaka ndevu zake nyekundu zikaingia kwenye wino.

Jumatano, 6 Machi
Wino haufutiki. Ni kukwangua kwa wembe, na hapo ni usoni pa Hester. Siwezi! Nikapata akili: nimemwongezea ndevu. Sasa ni mwanamume, hakuna wa kulalamika. Wino mweusi alikuwa nao Cuthbert, akaninyima. Nimetumia rangi ya matofali.

Alhamisi, 7 Machi
Siwaelewi watu. Leo Bi. Ogden alitabasamu; aliyefoka ni mume. Mwanamume gani huyu chumbani kwa mke wangu? Akautazama mchoro, akamtazama Cuthbert, akautazama tena. Cuthbert akaapa hajawahi kunywa chai kwao hata siku moja. Bi. Ogden akamwambia, pole sana. Kazi imepewa ofisi nyingine.

Ijumaa, 8 Machi
Cuthbert amenyoa ndevu. Hanisemeshi. Bwana Thackray amenipa nafasi ya mwisho: nyumba ya kasisi. Sitaki mtu, akasema, sitaki mbwa, sitaki hata kivuli cha mbwa! Nimeahidi kwa moyo wangu wote. Mchoro wa Ogden nimeutundika jikoni. Ndevu hazimpendezi Hester, lakini kikombe ni kilekile.

Jumamosi, 9 Machi
Mchoro wa kasisi umekamilika. Mweupe, msafi, hauna mtu. Ila dirisha la ghorofani lilionekana pweke. Nikafikiri sana. Kasisi hana mke. Nani atamwonea wivu?
Nimemweka Hester. Bila ndevu.