Kidole wa Ghorofa ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Siku nzima nimesimama katikati ya magodoro arobaini, na sheria ya duka letu ni kwamba muuzaji haruhusiwi hata kukaa. Mteja analala, anajigeuza, anafumba macho, anasema anafikiria. Mimi wima kama mlingoti. Nimeuza mto mmoja.

Nyumbani nimemkuta Fundi wa Lifti, mume wa mdogo wake mke wangu. Kaja kumjulia hali baba mkwe wetu, ambaye anakaa kwetu tangu apasuliwe nyonga. Kaja na kikopo cha mafuta, kakitia kiti cha Mzee, kiti kimeacha kulia. Dakika mbili! Mzee akamwambia ahsante, mwanangu. Mwanangu! Mimi ndiye ninayemkanda mguu, mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda msalani, nimemwoa bintiye miaka minane, na mpaka leo naitwa “mume wa binti yangu”. Kama cheo cha ofisini.

Lazima nifanye jambo. Lenye uzito kuliko mafuta ya kiti.

Na nimeliona! Mzee ana mchezo wake kwenye kompyuta mpakato yetu kuukuu. Mchezo wa shimo la mazimwi, hauna picha hata moja, herufi tupu. Herufi hii mbwa, ile joka, mistari ndiyo kuta. Ukitazama utadhani kompyuta imepata homa. Lakini Mzee alikuwa mpanga herufi kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na miwili. Yeye pale anaona dunia. Shujaa wake anaitwa Kidole, jina walilokuwa wakimwita mwenyewe kiwandani. Miezi minne Kidole anashuka, leo yuko ghorofa ya kumi na tisa kwenda chini. Mke wangu anasema tangu afike ya kumi, baba ameanza kuinuka mwenyewe na kutembea hadi mezani. Daktari anasifu dawa. Dawa gani? Ni Kidole.

Sasa leo Mzee kalalamika kwamba mchezo unamuuliza maswali kama karani wa mahakama. Uokote hiki? Una hakika unataka kumpiga huyu? Vidole vinamuuma kwa kujibu.

Basi. Kazi nimepata.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi mke wangu kampeleka Mzee kwenye mazoezi ya mguu. Nikabaki na saa nzima peke yangu. Nikafungua faili la mipangilio ya mchezo. Mtu mwingine angetetemeka. Mimi nimeishi miji minne na nimewahi kutengeneza redio kwa uma. Mistari zaidi ya mia, kila mmoja na ndiyo yake au hapana yake. Michache nimeisoma. Mingine nimeielewa kwa sura.

Kuuliza kabla ya kupiga: hapana. Kuokota kila kitu bila kuuliza: ndiyo. Rangi: ndiyo, zote. Halafu nikaona mstari wa jina la mchezaji. Kidole! Jina gani hilo kwa shujaa wa ghorofa ya kumi na tisa? Nikalifuta, nikaandika Simba wa Chini kwa Chini. Nikahifadhi. Nikaenda kazini napiga mluzi.

Jioni nikamwita Mzee kwa heshima zote. Shikamoo baba, njoo uone. Akakaa. Kompyuta ikawaka rangi kama duka la vitenge. Ikaandika: karibu, Simba wa Chini kwa Chini, uko ghorofa ya kwanza.

Ya kwanza!

Mzee akauliza Simba ni nani. Akauliza Kidole yuko wapi. Nikasema ni joto, mashine ikipata joto inasahau, nina mtaalamu wangu, Ijumaa kila kitu kitarudi. Sina mtaalamu. Sijui hata nilitoa wapi Ijumaa. Mzee akasema sawa, sauti ndogo, akaenda kulala bila kula. Mke wangu kanitazama. Miaka minane, naujua mtazamo ule.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, na ni mzuri. Nitamshusha Simba mwenyewe hadi ya kumi na tisa. Mzee alitumia miezi minne kwa sababu ni mzee. Mimi nina siku mbili na akili.

Nimeibeba kompyuta hadi dukani, nimeificha nyuma ya magodoro ya watoto. Nimekufa mara kumi na moja. Nilivyoamuru, Simba anaokota kila kitu anachokanyaga: mawe, mifupa, viatu vya maiti, mawe tena. Ghorofa ya pili akawa mzito hata kunyanyua mguu hawezi. Akaja panya. Panya mmoja! Nikafa.

Mara ya sita nikakuta duka humo shimoni, nikafurahi, nikasema huyu mwenzangu. Nikabonyeza kumsogelea. Bila swali lolote Simba akampiga muuza duka ngumi ya uso. Muuza duka akaniua kabla sijaomba radhi.

Ningeweza kurudisha maswali yale. Lakini kurudisha ni kukiri, na mimi si mtu wa kukiri ovyo.

Saa kumi bosi akanikuta nimelala juu ya godoro la inchi nane, kompyuta kifuani. Nikamwambia namwonyesha mteja. Akauliza mteja yupi. Nikasema ametoka kufikiria. Kesho nitapanga magodoro yote upya, peke yangu. Mgongo wangu ungekuwa na miguu ungeniacha.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee hakuamka leo. Si kwamba anaumwa. Mke wangu kamwambia baba, inuka, mazoezi. Akajibu atembee aende wapi, pale mezani kuna nini? Akageukia ukuta.

Nimebeba magodoro arobaini na lile jibu. Jibu ndilo lililokuwa zito.

Baada ya kazi nikafanya jambo ambalo sikutegemea kuliandika humu: nimemfuata Fundi wa Lifti kazini. Alikuwa ndani ya shimo la lifti, kichwa tu kimetokeza. Nikamwambia kuna jamaa yangu, si mimi, mjinga fulani hivi, kachezea kompyuta ya watu. Akasema, “Kaka, lifti ikikwama mimi siiulizi ina nini. Namuuliza mtu alibonyeza nini mwisho.” Nikasema jamaa hakubonyeza kitu. Akacheka, akasema basi mpe pole huyo jamaa yako, anafanana na wewe mpaka jasho.

Nimetembea hadi nyumbani namchukia. Kufika mlangoni nikasimama. Mwisho nilibadilisha nini? Jina!

Nikafuta Simba. Nikaandika Kidole. Nikafungua mchezo. Ghorofa ya kumi na tisa! Mzima, na mbwa wake pembeni! Kumbe mchezo unamhifadhi kila mtu kwa jina lake. Mimi nilikuwa nabisha hodi kwa jina la mgeni. Nimekaa sakafuni. Macho yamelowa. Vumbi la magodoro.

Yale mengine niliyobadilisha nimeyaacha. Ni maboresho.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipomwambia Mzee kwamba Kidole karudi, aliinuka kabla sijamaliza. Kachukua fimbo, kaja mezani mwenyewe, kaagiza chai. Mke wangu kanishika bega! Nikajiona nimekua inchi nne.

Mzee akaanza kubonyeza. Sikuwahi kumtazama akicheza. Vidole vinakimbia, macho yako mbele kabisa, harudi nyuma kuangalia. Akanieleza kwamba kiwandani ndivyo walivyofundishwa: mpanga herufi anakimbia, kuna msomaji wa prufu, yule wa kusaka makosa, wa kumzuia. Na humu, akasema, msomaji wangu ni yale maswali. Nayalalamikia, lakini ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Nikafungua mdomo nikiri, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshafika ngazini.

Kwenye ngazi za ghorofa ya ishirini kuna jitu limekaa, jitu la amani, halina neno na mtu. Mzee akalipita mbio kama kawaida, akaligusa. Siku zote mchezo ungeuliza una hakika, naye angejibu hapana. Leo haukuuliza. Kidole akalipiga jitu. Jitu likampiga Kidole. Mara moja tu.

Likatokea kaburi la herufi. Hapa amelala Kidole.

Nikasema nirudishe alipokuwa. Mzee akasema hairudi. Kwenye mchezo huu mtu anakufa mara moja, na huo ndio utamu wake, ndiyo maana moyo unadunda. Akauliza nani katoa maswali. Mke wangu akatazama dirishani. Nikasema mimi, baba. Maswali, mawe, Simba, joto, mtaalamu, vyote mimi.

Chai ikapoa.

Halafu Mzee akasema kiwandani aliyemwaga trei ya herufi haachwi aondoke, anakaa chini anazipanga moja moja mpaka ziishe. Akasogeza kiti cha pili kwa fimbo. Akasema, “Kaa hapo, mwanangu, wewe ni balaa. Tunaanza ghorofa ya kwanza, na vidole ni vyako.”

Mwanangu! Mbele ya mke wangu! Hilo la balaa sikulisikia vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechoka, lakini uchovu wa mtu mwenye baba. Tumecheza tangu asubuhi, mimi nabonyeza, yeye anafoka. Tuko ghorofa ya tatu. Shujaa mpya anaitwa Kidole wa Pili. Mzee katembea mwenyewe, haraka haraka, kwenda na kurudi msalani mara tatu ili asinipe nafasi ya kucheza peke yangu.

Tatizo ni moja. Nimemwangalia Mzee jitu lilipotupita karibu: kakamata fimbo kwa mikono miwili, kasahau kupumua. Mtu wa umri wake, na nyonga ile! Sipendi apate mshtuko mwingine. Sasa mchana kalala, nami nimefungua tu lile faili kuchungulia. Karibu na mwisho kuna mstari ambao ile Jumanne niliuruka. Ukiuwekea ndiyo, shujaa hafi kabisa.

Ni mstari mmoja. Hatajua. Nimeuwekea ndiyo.