Naomba Mjukuu Wangu Asishinde

Hajira binti Shamte,
Duka la Vyombo, nyuma ya soko,
Singida.
Jumatano.

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Tuzo za Rika Jipya,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUOMBA MJUKUU WANGU ASISHINDE

Kichwa cha barua nimekiandika kwa herufi kubwa ili usidhani nimekosea. Sijakosea. Kwanza pokea salamu zangu. Sijui umri wako, kwa hiyo nilihangaika kidogo kama nikuamkie au wewe ndiye uniamkie. Lakini kwa kuwa unaongoza kipindi cha watoto, nimechukulia kwamba shikamoo yako iko njiani, nami naitikia kabisa: marahaba.

Mimi nauza vyombo: mabeseni, ndoo, masufuria, chupa za chai na vikombe vya udongo vya wageni. Mjukuu wangu ni Mboni, yule msichana wa Singida mnayemtangaza kila jioni kati ya Wachekeshaji Chipukizi. Ndiye anayejifunga khanga kichwani, akachukua beseni, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akamsogezea mteja sikioni na kusema, “Sikia mwenyewe, mimi nisije nikasema.” Yule bibi anayeigizwa ni mimi. Ni kweli nasema hivyo, na ni kweli nagonga, kwa sababu beseni lenye ufa halifichi.

Nimesikia kwamba akishinda Jumamosi hii mtamchukua mwaka mzima mkamfundishe kuigiza huko Dar es Salaam, halafu mumpe kipindi chake mwenyewe. Napinga. Sababu zangu nimezipa namba, kwa kuwa nimeambiwa ofisini kwenu jambo lisilo na namba halisomwi.

1. Umri wa wapiga kura. Mmetangaza kwamba kura ni za wenye miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa tu. Ndugu Mkurugenzi, umewahi kuishi na mtu wa miaka kumi na minne? Mimi nimewalea kadhaa, namshukuru Mungu wamekua. Mtu wa miaka kumi na minne ukimtuma chumvi anarudi na hadithi. Atanuna Jumatatu, ukimuuliza Jumatano amenunia nini hakumbuki, ila anaendelea kununa kwa heshima ya ile Jumatatu. Viatu vyake mwenyewe hawezi kuchagua bila kulia dukani. Huyo ndiye mliyempa uwezo wa kunihamishia mjukuu mkoa.

2. Biashara yangu. Tangu Mboni aanze kurusha video zake, watu hawaji kununua, wanakuja kugonga. Wanafunzi wakitoka shule wanapita kwangu, wananiamkia vizuri, hapo siwezi kuwasingizia, kisha wanagonga mabeseni yote kuanzia mlangoni hadi kwenye ndoo. Jirani yangu Rashmi, ambaye duka lake la vitambaa limepakana na langu tangu enzi za mama zetu, anasema kwake inasikika kama nina harusi isiyokwisha. Juzi mzee mmoja alikuja na mkewe kutoka Ihanja, akaniomba nimseme. Nikamuuliza nikuseme nini, akajibu chochote, hata kofia yangu. Nikamsema. Nilianza na kofia nikamalizia na viatu. Alifurahi mno, akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka bila kununua hata kijiko.

3. Mshindani wake ni bora. Kuna kijana wa huko kwenu ambaye ucheshi wake ni kuanguka. Anaanguka ngazini, anaangukia keki, na wiki iliyopita alianguka akiwa ameshakaa. Nimemchunguza bila upendeleo, nimeridhika kwamba ndiye anayestahili. Anaishi huko huko, hahitaji kusafirishwa, na kama ana bibi, bibi yake ataendelea kumwona. Mpeni huyo.

4. Wapiga kura wenu hawashikiki. Usidhani nilikaa tu kulalamika. Niliwaita vijana wote wa mtaa wetu uani kwangu, nikawapikia chapati na chai ya tangawizi, kisha nikawafundisha kwamba kura ni siri, na siri yenyewe ni kumchagua yule anayeanguka. Wakaitikia kwa pamoja, “Ndiyo, bibi.” Wakanawa mikono, wakashukuru, wakampigia kura Mboni. Walimpigia pale pale uani, kwa intaneti ya Rashmi. Nilipomuuliza Shukuru, ambaye ndiye mkubwa wao, akanijibu kwa adabu zote kwamba kuitikia ni heshima yangu na kura ni ya kwake. Nikatafuta pa kumgombeza, sikupaona. Nikamwongezea chapati.

5. Kamati. Hapo nikaona jambo hili ni la watu wazima, nikaunda kamati. Lengo lake lilikuwa moja na nililitamka wazi: kuzuia ushindi wa Mboni. Mwenyekiti tukamchagua Mwalimu Frank, mstaafu. Katibu akawa Eliza wa genge la nyanya. Mweka hazina Rashmi, maana anaaminika na pande zote.

Nilikosea hapo, na nakuomba unielewe, kwa sababu hata wewe lazima umewahi kukaa kwenye kamati. Ukiwakusanya watu wazima ukawapa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hawajui kazi nyingine zaidi ya sherehe. Kikao cha kwanza tulipinga. Tulipinga vizuri sana, hadi Eliza akapandisha sauti. Kikao cha pili, Eliza huyo huyo akauliza siku hiyo ya kupinga tutavaa nini. Swali dogo tu. Rashmi akasema anavyo vitenge vya kijani vyenye maua ya alizeti, na vinatutosha wote. Mwalimu Frank akauliza chakula. Tukasema kuku, maana hapa ni Singida, tutaanzaje kutaja kitu kingine? Rashmi hajala nyama maisha yake yote, lakini ndiye aliyesisitiza kuku wawe wengi ili wageni wasije wakatusema. Kukiwa na kuku lazima kuwe na mpishi. Kukiwa na mpishi lazima kuwe na turubai. Kukiwa na turubai lazima kuwe na mshereheshaji, na mshereheshaji hawezi kusimama mbele za watu akasherehesha kushindwa.

Nikapiga meza nikawakumbusha lengo la kamati. Mwalimu Frank akasema hoja yangu imepokelewa na itafanyiwa kazi, kisha akauliza keki iwe ya ngazi ngapi. Sasa hivi ninavyoandika, fundi ameshashona sare. Yangu nayo imekuja, mikono mirefu, shingo ya duara. Imenikaa vizuri, lakini hilo si suala la barua hii.

6. Ndugu zangu wa Mungaa, upande wa mama, niliwapigia simu waje kunisaidia kupinga. Waliuliza kwanza kama kuna kuku. Wanakuja Jumamosi asubuhi na ngoma.

Kwa sababu hizo napendekeza yafuatayo. Umri wa wapiga kura uanzie miaka hamsini. Ikiwa hamsini ni kubwa, basi kila kijana kabla ya kupiga kura aende kwanza kwa mtu mzima aliye jirani, ampelekee maji, amsikilize mpaka amalize kusema, ndipo aruhusiwe. Nina hakika Jumamosi itafika wakiwa bado wanasikiliza. Ikishindikana hilo pia, basi kituo chenu chote kihamie Singida. Viwanja vipo, ziwa lipo la kupigia picha, na upepo wetu unatosha kupeperusha nywele za watangazaji bila mashine. Mboni atakuwa anatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi kula nyumbani.

7. Nilidhani nimemaliza, lakini lipo hili, na nadhani ndilo lenyewe. Yale mengine yalikuwa yanalisindikiza.

Mboni nimemlea tangu anatambaa, mama yake alipopata kazi Manyoni akaniachia kwa muda, na muda ukawa ndiyo maisha. Asubuhi tunafungua duka pamoja, yeye bawa la mlango la kushoto, mimi la kulia. Wateja wakikosekana ananiigiza mbele yangu, nami namkasirikia kwa kuigiza, na Rashmi anakuja na kiti chake kututazama. Anajua mguu unaniuma kabla sijaanza kuchechemea. Wiki iliyopita nilimwambia ukweli kwamba sitaki aende. Sikuficha, na sikusema kwa utani. Akaniitikia, “Sawa, bibi.”

Tangu siku hiyo haniigizi. Khanga ile ameikunja akairudisha kabatini. Anapanga vikombe kimya, anapokea wateja kimya, ananiletea dawa yangu ya mguu kwa wakati. Nimepata mtoto mtiifu kama nilivyoomba, na nyumba haina ladha hata kidogo. Juzi niligonga beseni kwa nguvu ili kumchokoza, nikamsogezea sikioni. Akasema liko sawa, bibi, akaendelea kufagia. Ndugu Mkurugenzi, niliingia chumbani nikalia.

Sasa unaona hasara mliyonisababishia ninyi na watoto wenu wapiga kura. Akishinda, ataondoka. Asiposhinda, sijui kama yule ninayemtaka abaki bado yupo. Hili naomba ofisi yako ilitolee ufafanuzi, maana mimi limenishinda.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, aikabidhi mapokezi. Kondakta huyo ni mtu mwaminifu, mpeni maji ya kunywa. Nisalimie wote hapo kituoni: wapiga picha, wapaka poda, mlinzi wa getini, na huyo kijana anayeanguka, mwambie aangalie kiuno. Msalimie pia dada atakayesoma jina la mshindi. Ana sauti nzuri, ila apunguze mbio, huku kwetu kuna wazee wanaosikiliza.

Ni mimi, nikiwa imara katika kupinga,

Hajira binti Shamte,
Mwanzilishi wa Kamati.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mmeonyesha hali ya kura ilivyo, na yule anayeanguka anaongoza. Sijapata kukasirika namna hii. Kuanguka! Kuanguka hata gunia la mchele linaanguka, na halijawahi kuomba tuzo! Nimetoa khanga kabatini. Nimemwita Mboni, nikamwambia ashike simu na arekodi, safari hii mimi ndiye nitakayemwigiza yeye. Nimemwigiza anavyotafuta chaja ya simu huku ameishika mkononi. Nimemwigiza anavyojibu “nakuja” akiwa amelala chali. Alicheka mpaka simu ikamponyoka, akacheka tena, halafu akanishika shingoni akalia, na mimi nikalia, na Rashmi aliyekuja kuuliza kuna nini akalia bila kuambiwa sababu. Nikamwambia aende. Video tumeshairusha, watoto wa mtaa wanaisambaza.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi saba chukulia sijayaandika. Badala yake nina ombi. Nimejaribu kupiga kura kwa simu ya Rashmi, nikaandika umri wangu, ikanikataa. Cheti cha kuzaliwa sina, na wote waliokuwepo nilipozaliwa wameshatangulia, kwa hiyo hakuna wa kubisha. Naomba uniandike miaka kumi na tisa. Fanya haraka, maana begi la Mboni liko wazi kitandani, na nguo ninamkunjia mimi.