Kiapo Ndani ya Ndege Isiyoruka

Jumamosi, 10 Januari 2026

Maskati nzima, kuanzia Bustan mpaka Rusayl, hakuna anayezijua ndege kunishinda mimi, Mutasim. Ikipita moja juu ya nyumba yetu hapa Azaiba, hata niwe nimelala, nakutajia inatoka wapi, inakwenda wapi na rubani kala nini. Skuli haikunipa cheti. Hasara yao.

Naandika Kiswahili makusudi. Binti ami yangu Nawar, anayesomea uhandisi wa ndege na kujiona kaziunda yeye, anakisema lakini kukisoma hajui. Mimi kanifunza Bibi, kwa barua za mdogo wake, Bi Kidawa, aliyebaki Unguja.

Leo Bi Kidawa kamtumia Bibi sauti kwenye simu. Miguu imemshinda, hatoki tena ndani. "Nasriya, miye siwezi kuja. Njoo weye, usije ukaletewa habari yangu badala yangu." Hawajaonana miaka khamsini! Bibi kalia, kajifuta kwa mtandio, kisha kasema lile lile la siku zote: ndege hapandi. Sote tunajua. Mwoga.

Ami Ghanim, babake Nawar, kasema tikiti mbili analipa yeye: ya Bibi, na ya atakayemlainisha Bibi mpaka akubali. Nawar kanitazama. Nami nikamtazama. Vita!

Jumatatu, 12 Januari

Nimepata! Makumbusho makubwa ya ndege na anga. Mtu akiogopa paka, dawa yake si kumpakata paka? Nitamkalisha Bibi ndani ya ndege isiyoruka, nimweleze kila kitu kitaalamu, hofu itoke yenyewe. Akili hii nilizaliwa nayo.

Tatizo dogo: gari. Leseni naifukuzia mwaka wa pili, inanikimbia. Ikabidi nimwombe Nawar. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema atatupeleka, lakini si kwa ajili yangu, ni akaone nitakavyoumbuka. Wivu huo.

Bibi nimemwambia tunakwenda kunywa chai pahali penye baridi nzuri.

Jumatano, 14 Januari

Bibi alipoziona ndege zimening'inizwa darini kwa waya, kasema kumbe chai yenyewe iko juu. Hakukasirika. Kauliza nani kapanda kuzifunga.

Nikaanza ualimu. Nikamweleza kuwa lile pangaboi kubwa mbele ya injini ni la kuwapepea abiria. Nawar kakohoa. Nikamweleza kuwa vazi la mwanaanga ni zito ili upepo wa mwezini usimpeperushe. Nawar kasema mwezini hakuna upepo. Nikamjibu ndiyo, umekoma tokea waanze kuyavaa. Bibi kalizunguka vazi mara mbili, kataka kujua aliyemo akibanwa na haja anafanyaje. Dada wa makumbusho, jina lake Shatha, kamweleza kwa adabu. Bibi kasema basi hata yeye angeweza kwenda.

Sasa ajabu. Kuna ndege kuukuu ya abiria, unaruhusiwa kuingia. Bibi kaingia kama anaingia jikoni kwake. Kakaa dirishani, kafunga mkanda, kauliza chai iko wapi. Mwoga gani huyu? Nikaona dawa yangu imeshapanda kichwani!

Ikabaki pigo la mwisho: mashine ya kujifunzia urubani. Ni sanduku kubwa lenye kiti, usukani na kioo mbele, na wanasema linatikisika kama uko angani kweli. Nikamwambia Bibi amtazame mjukuu wake. Nikaingia. Shatha kafunga mlango.

Ya Rabbi! Kioo giza tupu. Usiku wa tufani! Sanduku likatikisika, usukani ukatikisika, meno yakagongana. Shujaa yeyote angepiga kelele. Nikapiga. Nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye roketi, Wallahi nikishuka salama ndege sipandi maisha yangu!

Mlango ukafunguliwa. Watoto wa skuli wamenitolea macho. Nawar kaelekeza simu, ananipiga picha!

Bibi hakucheka. Kanikalisha kwenye benchi, kaniuliza: "Umeapa?" Nikasema nimeapa. Kavuta pumzi. Kasema hata yeye. Mwaka wa sabini na tano, akija huku, ndege ilirushwarushwa na mvua, akaapa maneno yale yale. Uoga hana. Kiapo ndicho kilichomkalisha miaka khamsini. Mbona hakusema? Kasema sisi tulishamwita mwoga, akaona heri mwoga kuliko mvunja kiapo. Kafara ya kuvunja kiapo anaijua siku zote, kulisha maskini kumi, ila ulimi ulimwia mzito kukiri kuwa aliapa kijinga.

Hapo ndipo alipocheka, mpaka machozi. Kasema kaniona mimi naapa ndani ya sanduku, akajiona mwenyewe.

Ijumaa, 16 Januari

Baada ya sala Bibi kalisha watu kumi, biriani. Kiapo kwisha! Kampigia Bi Kidawa, kamwambia anakuja. Kisha Bi Kidawa kauliza: "Na ile kanga yangu uliyoondoka nayo, unaileta?" Miaka khamsini hajaisahau. Bibi kakimbilia sandukuni kwake. Ipo!

Nikadai tikiti yangu. Nawar kasema aliyeapa hapandi. Nikamtazama Bibi aniokoe. Bibi kasema Nawar kasema kweli: kila mtu na kafara yake, tena kwa jasho lake.

Jumatatu, 19 Januari

Asubuhi nilimwita rafiki yangu Anas na wenzetu wa mpira, kumi kamili. Maskini hasa: msimu mzima hawana hata bao. Bibi kawafukuza kwa mwiko.

Basi nikaosha gari za mtaa mzima, nikanunua mchele na kuku, nikapika mwenyewe, nikawapelekea mafundi wanaojenga nyumba ya nyuma yetu. Wali chini umeungua, juu mbichi. Wakala katikati. Mmoja wao, Obedi wa Mbeya, kasema kaka, nimewahi kula kibaya zaidi ya hiki, lakini ilikuwa kwa mama mkwe, sikuwa na ujanja.

Nawar, aliyenifuata kushuhudia, akawahesabu kwa kidole. Tisa! Nikasema wa kumi mimi. Kasema maskini wa akili hahesabiwi. Obedi kaniokoa, kamwita mlinzi wao. Kumi!

Bibi katoa hukumu: tikiti ni yangu. Kasema tuliapa kiapo kimoja, tutakipandia pamoja.

Alhamisi, 22 Januari

Naandika nikiwa ndani ya ndege! Ya kweli! Nawar katuleta uwanjani. Kanipa mfuko wa kutapikia, kauandika jina langu kwa rangi nyekundu. Kisha kasema nimtunze Bibi, akaifuta ile picha ya makumbusho mbele ya macho yangu. Mradi hana nyingine.

Bibi kaniachia dirisha. Kanga ya Bi Kidawa kaipakata, hakukubali iwekwe juu. Bwana wa upande wa pili kaniuliza kazi yangu. Nimemwambia rubani, niko likizo. Kauliza lile pangaboi mbele ya injini ni la nini. Nimemweleza ni la kuwapepea abiria. Kashukuru.

Na maadamu Nawar kurasa hizi hawezi kuzisoma, niandike jambo moja. Siku ile makumbusho mipango yangu yote ilikwenda sawa, isipokuwa kitu kimoja tu. Mashine ilikuwa haijawashwa. Shatha alikuwa bado anatafuta ufunguo. Kilichotikisa lile sanduku ni magoti yangu.

Na hii nayo injini haijawashwa bado. Bibi kanishika mkono, anauliza mbona kiti kinatikisika.