Tone la Mwisho Kwenye Pipeti

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mkuu wa shule, Bwana Bartholomeo, ametugawia kidato cha sita: nusu yangu, nusu ya Mwalimu Zipora. Alhamisi wanapima asidi maabarani. Kundi litakalokaribia jibu, mwalimu wake anachukua darasa zima la kemia hadi mtihani wa taifa. Mwingine anashushwa kidato cha kwanza. Mimi, kidato cha kwanza!

Nimebandika ukutani Makosa Makuu ya Watahiniwa. La kwanza: kuacha tone kwenye ncha ya pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia. Hii ni Geita, nimewaambia. Baba zenu hawaachi chembe ya dhahabu kwenye karai. Pulizeni mpaka liishe.

Jumanne, 4 Machi

Zipora kapita, kasoma, kacheka. Ati tone hilo huachwa. Waliotengeneza pipeti walishalitoa kwenye hesabu. Ukilipuliza, umezidisha asidi. Nikamjibu kwamba ubadhirifu wa nchi hii uliletwa na watu wa kuacha tone. Akaniamkia shikamoo mwanauchumi. Na sisi ni rika moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimemtuma Nelly, mwanafunzi wangu bora, ajifanye amehamia kwa Zipora, alete siri. Kaja jioni. Siri hana. Anaomba ahame kweli. Nikamwita msaliti. Akasema ndiyo mwalimu, ila baba yake kule Didia ameuza ng'ombe ili yeye awe daktari, na mzee yule haambiliki habari za tone. Nimemruhusu. Atajuta.

Alhamisi, 6 Machi

Wangu wamepuliza kwa nidhamu, kama bendi ya polisi. Kundi la Zipora limekaribia jibu, Nelly amelipata lenyewe. Wangu wamezidisha wote, kwa kiasi kilekile. Nikamwonyesha mkuu umoja huo. Akasema hata ng'ombe huingia shamba la watu kwa umoja.

Nelly kanipa pole. Nimeipokea kwa dharau.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekabidhiwa kidato cha kwanza. Zipora ana darasa langu na ukuta wangu, bango kalibandua.

Kosa nimeligundua. Wale walikuwa wakubwa mno, mapafu yamekwisha kuzubaa. Leo mapumzikoni nimewakuta hawa wadogo na vikombe vya uji wa moto. Wanapuliza wote, mashavu yamejaa, bila kufundishwa na mtu.

Nimewaambia wasiache hata tone.