Shemeji Ndiye Anayeniumiza Kichwa

Jumatatu, 4 Mei

Kichwa tena! Kinaanzia kisogoni, kinapanda, kinakaa nyuma ya jicho la kulia na hakina mpango wa kuondoka. Kutoka shingoni moto unateremka mpaka kidole gumba. Na ni mkono wa kukatia! Leo nimekata kola ya shati la mteja, upande mmoja ukatoka mpana kuliko mwenzake. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa. Hakuamini.

Na gauni la harusi la binti yangu linasubiri. Kitambaa kiko mezani, hakijaguswa. Tangu yuko shule ya msingi nimemwahidi kwamba nitalikata kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yake amesema Jumamosi ikifika sijakata, kitambaa kinakwenda kwa Sindano. Sindano! Yule fundi wa duka la pili, anayenisalimia kila asubuhi kwa tabasamu. Mtu mzima hutabasamu kila asubuhi bila sababu?

Nimetafakari. Maumivu yalianza wiki ile ile kaka wa mke wangu alipohamia chumba cha uani. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu alipoingia, mkasi wa marehemu baba, ule mkubwa wa chuma, nalala nao ndani ya kopo la bati chini ya mto. Hata mke wangu hajui.

Shemeji, kama unasoma hapa, nakuona.

Jumanne, 5 Mei

Kumekucha vibaya. Nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikamtukana uzi.

Shemeji kanikuta nimeshika shingo. Akasema anamfahamu mama mmoja mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo, alimtibu bosi wake. Eti maumivu ya kichwa mengine hutoka shingoni, mshipa wa fahamu ukibanwa. Nikamuuliza yeye anapata nini nikipona. Akasema, “Shem, jamani!” Hilo si jibu.

Nikasema hospitali walishanipima, hawakuona kitu kichwani. Mke wangu akasema hilo hata yeye angeweza kuwaambia. Wakacheka wote, ndugu kwa ndugu. Mwisho mke wangu akanitolea methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Nimekubali kwenda, lakini kama mpelelezi.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda. Mama mwenyewe ni mdogo wa umbo, hata begani hanifiki. Pembeni kasimamisha mifupa mizima ya mtu, ya plastiki, kwa maelezo yake. Kitanda kina tundu la kuingizia uso, ukilala unaona sakafu tu. Kwa nini hataki watu waone?

Kwanza akataka majibu ya hospitali, akayasoma yote kabla ya kunigusa. Anatafuta nini humo?

Nilikuwa na mtego wangu. Alipouliza panapouma nikasema kushoto. Akapitisha vidole taratibu, kisha akabonyeza kulia. Nimepiga kelele mpaka mgonjwa aliyekuwa akisubiri nje akaondoka. Nani alimwambia kulia? Mtu mmoja tu hapa mjini amekuwa akinichunguza shingo, naye anakula kwangu.

Kisha akanishika taya, akageuza. Kra! Nikajua nimekwisha. Sikuwa nimekwisha. Jioni kichwa kilipungua kidogo, lakini sijamwambia mtu, wasije wakajisifu.

Jambo moja linanikosesha raha. Wakati natoka aliniuliza nalalia nini. Nikasema mto, kama watu wote. Akasema kesho nije nao. Mto wangu! Anautakia nini?

Alhamisi, 7 Mei

Nimeamka kichwa kimerudi na hasira zake zote, na ganzi ya vidole juu yake.

Akili ni mali. Nimebeba mto wa mke wangu badala ya wangu. Yule mama akaubonyeza, akaunusa, akasema, “Baba, mwenye mto huu anapaka mafuta ya nywele. Wewe nywele unazo?”

Upara ni mambo ya ukoo.

Akasema hajui nalalia nini, ila shingo yangu inakunjwa na kitu kigumu usiku kucha, tena ameona alama nyuma ya sikio. Anaweza kuinyoosha kila siku nami nitaikunja kila usiku. Nikitoe hicho kitu.

Kitu kigumu! Anajua! Sasa picha yote iko wazi. Shemeji anapeleleza, huyu mama ananihoji nikiwa kifudifudi, Sindano anasubiri mkasi. Bila mkasi wa baba gauni linakuwa lake, na jina linakuwa lake.

Leo kopo linahama. Naliingiza kwenye gunia la vipande vya vitambaa, chini kabisa. Waje sasa!

Ijumaa, 8 Mei

Siamini! Nimeamka kichwa hakipo. Nimekitikisa, hakipo. Vidole vyote vina uhai. Uzi nimeutunga mara moja tu.

Nimetandika kitambaa. Binti yangu akasimama ng'ambo ya meza, kaziba mdomo. Naye alikuwa akiogopa, sikujua. Mkasi ukaingia, ukaenda wenyewe, kiuno, pindo, hadi mwisho, bila kuyumba. Akanikumbatia, akasema, “Baba, umeweza.” Nikalia. Nimemwambia ni vumbi la kitambaa, lakini nililia kwa furaha.

Sindano akachungulia, akasema hajawahi kuona mkato ulionyooka vile. Macho yake yalikuwa kwenye mkasi.

Sasa ushahidi. Jana jioni shemeji alisafiri kuwachukua shangazi zake bibi harusi. Usiku wa kwanza asipokuwepo, kichwa hakiumi! Hakimu gani angehitaji zaidi?

Jumamosi, 9 Mei

Shemeji karudi na shangazi watatu na zawadi yangu. Mto! Laini, umebonyea katikati kwa ajili ya shingo. Kasema yule mama ndiye aliyemwelekeza pa kuununua. Kakiri mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba wanawasiliana! Mke wangu kasema nishukuru. Nimeshukuru kwa mdomo.

Nyumba imejaa wageni na gunia la vitambaa limekuwa kiti cha shangazi mkubwa. Hapana, si salama. Nimelitoa kopo na kulirudisha mahali pake.

Lakini niwe mkweli, mto ni mzuri. Ni mkubwa, umelifunika kopo lote na nafasi imebaki. Nimeongeza na pasi.

Kesho nikiamka na kichwa, nitajua ni nani.