Laminesheni ya Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Gari liko uani kwetu! Limeletwa saa nne asubuhi, jeupe, refu, limetulia kama mgeni wa heshima. Nimelizunguka mara sita. Mke wangu amelizunguka mara moja, akafungua boneti, akapima oili, akaongeza maji kidogo kwenye rejeta, akafunga, akaenda zake kazini. Hana hamu na mambo makubwa.

Niandike vizuri, ili siku moja nisome nicheke kwa ushindi. Baba mkwe wangu, mpima ardhi mstaafu, amekatazwa na daktari wa macho kuendesha. Gari lake ana miaka ishirini na miwili nalo na analipenda kuliko wakwe zake wote kwa pamoja. Sasa anataka kulitoa. Mabinti zake ni wawili, nyumba ni mbili. Amesema kila nyumba ikae nalo wiki moja, kisha Jumapili hii sote tukutane kwake, atajua mwenyewe wa kumwachia. Kwa hiyo ni mimi au mwanyumba wangu. Hakuna wa tatu.

Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, ni muuza bima. Mimi humwita Bwana Nadhifu, maana hata soksi zake zimepigwa pasi. Wiki yake imekwisha. Amelirudisha gari limeoshwa, limepigwa nta, lina kikopo cha manukato kwenye kioo. Juu ya kiti ameniachia kijikaratasi: ananitakia wiki njema na ananiomba nisilikwaruze. Nisilikwaruze! Mimi!

Nta yake haimalizi mvua mbili. Mimi nataka kitu cha kudumu. Bado sijui ni nini, lakini nakisikia kinakuja.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kimekuja!

Dukani leo mchana hapakuwa na watu wengi. (Niko duka la vifaa vya ofisi, upande wa mashine ya laminesheni, mwaka wa kumi na moja sasa.) Nilikuwa nachezea simu, nikaona fundi mmoja anabandika plastiki angavu juu ya gari zima. Huioni kabisa! Akaparuza kwa ufunguo. Hakuna alama. Akarusha kokoto. Hakuna alama! Akabandika na taa za mbele, akasema hazitapauka tena kwa jua. Nikaruka kutoka kitini hadi mteja aliyekuwa anasubiri cheti chake cha kuzaliwa akarudi nyuma hatua mbili.

Ni laminesheni! Ni kazi yangu! Gari ni cheti kikubwa chenye magurudumu.

Na laminesheni ina sheria moja tu. Plastiki lazima ivuke ukingo wa karatasi, pande zote, upana wa vidole viwili. Ukiacha mwanya hata wa sindano, maji yanaingia na cheti kinaoza. Vyeti vya mtaa mzima vimepita mikononi mwangu na hakijalowa hata kimoja. Bwana Nadhifu amewahi kufunika nini? Soksi.

Mke wangu asubuhi alifungua tena boneti, akaongeza tena maji. Anasema rejeta inavuja kidogo, kila siku lazima itazamwe. Nikamwambia awe na subira, mumewe anawaza.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimefanya ujasusi. Mtaa wa nyuma yupo fundi anayebandika plastiki hizo magari ya watu wazito. Nikaenda na miwani ya jua, nikajifanya naulizia kwa niaba ya binamu yangu. Fundi, mtu mpole, hakuficha kitu. Alisema gari linaoshwa hadi chembe ya mwisho ya vumbi. Taa zilizopauka zinasuguliwa kwanza kitaalamu. Kazi inafanyika ndani, pasipo upepo, kwa maji ya sabuni ili plastiki iteleze. Kila kipande kinakatwa peke yake, na sehemu zote za kufunguka na za kupitisha hewa zinaachwa wazi. Tena isiwe plastiki yoyote tu, maana siku moja itabanduliwa, na gundi isiyo yake hutoka na rangi.

Nikaitikia kwa kichwa muda wote. Nikaandika: maji ya sabuni. Mengine ni mbwembwe za kututisha sisi tunaochipukia.

Dukani nikamwendea bosi wangu, mama mmoja asiyecheka kazini. Stoo lilikuwepo rola la plastiki ya kufunikia vitabu, ile ya kujibandika, lililorudishwa na wateja. Gundi yake kali mno, ikishika haibanduki. Nikamwambia hiyo hiyo ndiyo naitafuta. Akauliza ya nini. Nikasema kuna vitabu nyumbani. Akauliza vikubwa kiasi gani, maana rola lilikuwa refu kunizidi. Nikasema vya kiasi.

Mke wangu ameondoka jioni kwenda semina ya ofisi yao, atarudi Jumamosi. Kaniachia agizo moja: maji kwenye rejeta kila asubuhi. Uwanja ni wangu!

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya ugonjwa nyumbani. Si uongo. Taa za mbele za gari zina mtoto wa jicho.

Nimeanza na hizo. Dawa ya meno, bomba zima, na kitambaa. Zilikuwa za manjano, sasa ni nyeupe kama uji, nadhani ni hatua nzuri. Nikabandika plastiki juu yake kabla hazijabadili mawazo.

Halafu boneti. Kubandika karatasi ya kitabu na kubandika boneti ni mbingu na ardhi. Upepo ulivuma, plastiki ikanivaa mimi kwanza, kuanzia kifuani hadi usoni. Jirani yangu, mwalimu wa chekechea, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunahama. Nikamjibu kwa kutikisa mkono, mdomo ulikuwa umeshikwa.

Jaribio la pili lilikubali! Kuna mapovu machache. Kuna unywele wangu mmoja. Kuna sisimizi aliyekuwa anapita kwa shughuli zake karibu na wipa na sasa amebaki pale pale, miguu yote sita inaonekana vizuri. Nikapitisha draya ya nywele ya mke wangu hadi ikatoa harufu. Ukingoni nikavusha vidole viwili, kama sheria inavyotaka, nikagandisha juu ya madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, na bampa. Tabaka mbili. Boneti na gari sasa ni kitu kimoja.

Na hapo ndipo nikaona jambo la ajabu. Wavu wa mbele, ule ulio kati ya taa, una matundu matupu! Vumbi linaingia, wadudu wanaingia, maji yanaingia. Miaka ishirini na miwili, hakuna aliyeona. Nimeona mimi. Nikauziba, tabaka tatu.

Nimesimama kulitazama hadi shingo ikauma. Nina furaha hadi naogopa!

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Milango. Mitatu nimeiziba pande zote, wa dereva nimeuacha kwa kuwa tutahitaji kuingia. Unaniuma roho, unaonekana uchi kabisa. Kifuniko cha mafuta nacho tayari. Vishikio vya milango tayari.

Bwana Nadhifu amepiga simu. Ati anauliza tu hali ya gari. Nikamwambia halijawahi kuwa salama hivi tangu litoke kiwandani. Akauliza salama vipi. Kijicho hicho!

Maji ya rejeta: boneti haifunguki. Ila nikifikiria vizuri, kitu kilichozibwa kote kinavujaje? Nimelimaliza tatizo bila kukusudia.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mke wangu amerudi. Nimelifunika gari kwa turubai na kumwambia ni siri hadi kesho. Ameniuliza kama maji yametazamwa. Nimemjibu sehemu yote ya mbele nimeishughulikia. Amenitazama kuanzia unyayo hadi utosini, akauliza kwa nini nina plastiki sikioni.

Kesho! Nimepiga pasi shati. Na soksi, basi tu.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Naandika yote.

Turubai lilipotoka, mke wangu alilizunguka gari mara moja. Akajaribu mlango wake, haukufunguka. Nikamwelekeza kwa heshima apitie upande wangu. Amevuka gia akiwa na gauni lake la kutokea. Alipotaka kutazama maji nikamweleza kwa nini hawezi. Akasema tusiende. Nikasema tumechelewa, nikawasha.

Kwa baba mkwe ni mwendo wa nusu saa. Dakika kumi na tano za kwanza nilijisikia mfalme. Kisha mshale wa joto ukaanza kupanda. Mke wangu akaniambia nisimame. Nikamwambia ni mshale tu. Kwenye kona ya mwisho moshi mweupe ukaanza kutoka pembeni mwa boneti, tukaingia getini tukifuka, mbele ya baba mkwe, mama mkwe, shemeji, na Bwana Nadhifu katika shati la mikono mirefu.

Mke wangu akazima gari yeye mwenyewe kwa kunipitia juu ya magoti. Nikavuta kifyatuo cha boneti. Kak! Boneti haikutikisika. Bwana Nadhifu aliruka nyuma kuokoa shati, kisha kutoka kule mbali akauliza kama bima yake ni kubwa au ndogo. Mke wangu alikuwa ameshaomba kisu cha jikoni. Alipasua kwanza ile plastiki ya wavuni, hewa ikaingia. Kisha akachana ukingo wa boneti pole pole, upande mmoja hadi wa pili, akaifungua kwa taulo, akatukataza sote tusisogelee. Akasubiri rejeta ipoe, akafungua kifuniko chake. Akatia maji kidogo kidogo, akisikiliza. Baba mkwe naye alikuwa anasikiliza, ameegemea fimbo, kichwa kimeinama upande ule ule aliouinamisha bintiye.

Kisha akaja kuligusa. Ndivyo anavyoliona gari lake siku hizi, kwa vidole. Akaanzia kwenye madigadi ya mbele, taratibu, akapita juu ya mapovu yangu moja baada ya jingine. Akauliza gari limepata ugonjwa gani wa ngozi. Akaendelea hadi karibu na wipa, akasimama, akauliza na huyu ni nani. Nikamwambia ni sisimizi, baba.

Hakufoka. Laiti angefoka! Alisema rangi ya gari hili anaijua kwa mkono kama anavyoujua uso wa mama watoto wake, na leo ameligusa halitambui. Niliumia. Niliumia kweli, nikataka kumwonyesha kwamba yote yako chini, salama. Nikashika ncha ya plastiki kwenye boneti. Kwa lile joto ilibanduka vizuri ajabu, kama utando wa maziwa. Ikatoka na rangi. Kipande cha ukubwa wa sinia. Mama mkwe akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Baba mkwe akamuuliza Bwana Nadhifu wiki yake alitia maji mara ngapi. Bwana Nadhifu akasema aliosha mara saba. Ya kwenye rejeta, akarudia mzee. Bwana Nadhifu akaanza kueleza habari za nta. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Basi mzee akamwita mke wangu. Akasema mtoto huyu alikuwa na miaka tisa alipokuwa anamshikia tochi chini ya boneti hii, na mtu pekee aliyelisikiliza gari wiki hizi mbili ni yeye. Akamwekea funguo kiganjani, akakifunga kwa mikono yake miwili. Mke wangu, ambaye hakulia hata siku ya harusi yetu, akalia.

Nami nikaruka! Gari ni letu! Nikamkumbatia mzee, nikamkumbatia na Bwana Nadhifu. Mzee akanishika bega, akasema kwa upole kwamba gari ni la binti yake, na mimi ninapopanda nikae upande wa abiria, mikono magotini. Nimekubali papo hapo. Tumeshinda!

Jumanne, tarehe 12 Machi

Siku mbili nimetafakari kwa kina na nimeona kosa langu. Draya ile ilikuwa ndogo.

Vinginevyo, tazama matokeo. Gari lilikuwa kwetu kwa wiki moja, sasa ni letu kwa maisha. Bwana Nadhifu amerudi kwake na kikopo chake cha manukato. Nani alibandika plastiki? Sisemi kitu.

Mke wangu amekwenda kazini kwa miguu. Gari limebaki uani, saa tisa atakuja fundi wa rangi kulichukua, naye ameachiwa funguo kwa jirani, mwalimu wa chekechea, sijui kwa nini si kwangu. Juu ya meza nimekuta karatasi kwa mwandiko wa mke wangu: "Usiguse gari. Usiliguse kwa mkono, kwa plastiki, wala kwa wazo. Nakupenda."

Nimeisoma mara nne. Nakupenda! Imeandikwa kwa kalamu ya wino, karatasi nyembamba, tone moja tu la maji na yote yamefutika. Kitu kama hiki hakiachwi hivi hivi. Nimekimbia dukani, nimeipitisha kwenye mashine, imetoka inang'aa. Kisha nikafikiria pa kuiweka, mahali nitakapoiona kila siku nisije nikasahau, na pale ambapo hata fundi ataheshimu maneno ya mwenye gari. Pamebaki mahali pamoja tu ambapo palikuwa bado patupu.

Rola lilikuwa na mabaki ya kutosha. Nimeibandika kwenye mlango wa dereva, tabaka mbili, vidole viwili vya ukingo kila upande. Umevuka kidogo hadi kwenye kishikio, lakini bila hivyo maji yangeingia.